Toa Joto la Chumba Kwanza

Katika kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kitu kilichowahi kufa hapa Dar es Salaam kilikuwa feni ya kadi ya grafiki. Hadidiski na pawa saplai navyo vilikufa, lakini feni ilivitangulia. Ilikuwa ya milimita 40 tu, imepachikwa juu ya kijipande cha alumini, ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuvuta vumbi pamoja na unyevu wa bahari. Ikikaribia mwisho wake ililia mfululizo, hasa asubuhi unapowasha. Sisi mafundi tulikuwa na dawa yetu: unabandua stika ya katikati, unadondosha tone la mafuta ya cherehani, unairudisha. Inatulia kwa muda. Halafu siku moja inakwama kabisa, na mteja anakuja na malalamiko kwamba kioo kimejaa mistari na vidoti vya rangi.

Mimi mchana nilitengeneza kompyuta za watu, usiku nikatengeneza picha za 3D za nyumba ambazo bado hazijajengwa, kwa wasanifu wawili watatu walionipa kazi. Hiyo kazi ya usiku ndiyo iliyonifanya niyachukulie maanani mambo ya joto. Mcheza gemu kadi ikimzimikia anatukana kidogo, anaanza upya. Mwenye picha inayotakiwa saa mbili asubuhi hana wa kumtukana.

Vipozeo vya kununua kando vilikuwa vimeanza kusikika. Kampuni ya Zalman ya Korea Kusini ilitoa VF700, kipozeo cha mapezi membamba yaliyotawanywa duara na feni katikati, kimoja cha shaba tupu, kingine cha shaba na alumini. Arctic Cooling ya Uswisi ilikuwa na VGA Silencer, iliyokula nafasi ya sloti ya jirani lakini ikaisukuma hewa ya moto nje kabisa kupitia mgongo wa kompyuta. Watu walivihitaji kwa sababu ya kelele kuliko joto. Mwaka 2003 ilitoka GeForce FX 5800 Ultra, kadi iliyounguruma kiasi kwamba NVIDIA wenyewe walitengeneza video ya kuitania. Sijui kampuni ngapi leo zingekuwa na moyo huo.

Zalman ya shaba nilimfungia mteja mmoja wa Msasani, karibu na ufukwe. Ilipendeza kuitazama. Baada ya masika moja shaba ilikuwa imefifia na kuwa nyeusi, na pembeni imeanza kuota ukijani. Ilipoza bado, sina ubishi, lakini tangu hapo shaba isiyopakwa nikeli sikuisifia tena kwa mtu anayeishi upande wa bahari. Wapimaji wa vipozeo wa Ulaya hawakuligusa jambo hilo. Kwao nikeli ilikuwa urembo.

Mwisho wa Oktoba 2007 ikatoka GeForce 8800 GT. Kwa bei yake ilikuwa kadi ya ajabu, na binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai aliniletea moja mwaka uliofuata. Ilikuwa nyembamba, ya sloti moja, ikila kama wati 105, na feni yake ilipangwa iende polepole ili isipige kelele. Kwenye chumba cha nyuzi 21 mpango huo unavumilika. Mezani kwangu, mwezi Februari, madirisha wazi na pangaboi likizunguka juu, ilifika nyuzi 97 ikifanya kazi.

Nikaanza kutafuta kipozeo. Kabla ya kutazama bei nilichukua rula. Umbali kati ya matundu manne yanayoizunguka chipu ndio unaoamua kama kipozeo kitafunga au hakifungi. Halafu urefu wa kapasita zilizosimama karibu, halafu nafasi iliyobaki chini ya kadi, halafu uzito, maana kadi hulala ubavu ndani ya kasha na inashikwa upande mmoja tu. Niliwahi kupokea kadi zilizopinda kwa kubebeshwa shaba nyingi.

Lakini kigezo kilichoamua kilikuwa kingine kabisa, na ndicho ninachokishikilia hadi leo: feni ikifa, nitapata wapi nyingine? Vipozeo vingi vilikuja na feni za umbo la pekee, zilizofungwa kwa namna ya pekee. Ikifa, usubiri ndugu arudi safari. Feni ya kawaida ya milimita 120, ile ya kasha, nilikuwa naipata Kariakoo jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo nikachagua Accelero S1 ya Arctic, kipozeo kisicho na feni hata moja: mirija minne na mapezi mapana ya alumini, basi. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alipoifungua boksi aliigeuza huku na huku, akauliza, "Kaka, hii ni ya kompyuta au ya friji?"

Hakuwa mbali sana na ukweli. Ndani ya kila mrija mna maji kidogo mno, na hewa imenyonywa, kwa hiyo yanageuka mvuke mapema. Mvuke unakimbilia kwenye mapezi ulipo ubaridi, unarudi kuwa maji, na utambi uliomo ndani unayarudisha kwenye chipu. Hakuna injini wala kelele, na mzunguko hauchoki.

Kufunga kulinichukua alasiri nzima. Pesti ya kiwandani ilikuwa imekauka ikawa unga. Niliitoa kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, taratibu, hadi jina lililochongwa kwenye chipu likasomeka. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, katikati. Skrubu nilizikaza kwa mshazari, kila moja nusu mzunguko, ili kipozeo kishuke sawasawa. Sehemu inayotaka subira ni vile vipande vidogo vya alumini vya kubandika juu ya memori. Ukizigusa chipu kwa vidole vyenye jasho, gundi haishiki, na kipande kikianguka usiku kinaweza kutua juu ya ubao wenye umeme. Zifute kwa spiriti kwanza, kisha kandamiza kila kipande huku ukihesabu polepole. Mwisho nilifunga feni moja ya milimita 120 kwa vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, nikaiendesha kwa volti 7 badala ya 12 ili itulie.

Sasa kupima. Hapo ndipo nilipoona kwamba namba nyingi zilizokuwa zikinukuliwa vijiweni hazikuwa na maana kwetu. Mtu anasema kipozeo fulani kinaishusha kadi hadi nyuzi 55. Kwenye chumba cha nyuzi ngapi? Kadi haiwezi kuwa na ubaridi kuliko hewa inayoipoza, na hewa ya chumba ikipanda nyuzi 10, kadi nayo inapanda karibu 10. Nikaning'iniza kipimajoto cha kawaida mbele ya kasha, pale hewa inapoingilia. Niliandika safu mbili daftarini, joto la kadi na joto la chumba, na safu ya tatu ya tofauti yake. Hiyo ya tatu ndiyo ya kulinganishia vipozeo. Kadi yangu kabla ya mabadiliko: 97 kutoa 31, tofauti 66. Baada yake: 62 kutoa 31, tofauti 31. Nimeikata zaidi ya nusu, na kelele pekee iliyobaki chumbani ni ya pangaboi.

Niliiendesha programu ya FurMark, ile yenye duara la manyoya linalozunguka, mpaka joto likaacha kupanda. Si dakika tano. Chuma kingi kinachukua muda kujaa joto. Lakini FurMark inaikamua kadi kuliko kazi yoyote ya kweli, kwa hiyo nilirudia kwa kazi yangu mwenyewe, na namba ya pili ndiyo niliyowaambia wateja.

Kulikuwa na kipimo kingine ambacho wa Ulaya hawakuhitaji kukifanya. Umeme ukikatika, jenereta dogo la ofisini kwa mteja lilibeba kompyuta na taa, halikubeba kiyoyozi. Kazi inaendelea, chumba kinapanda hadi 34 au 35. Kipozeo kilichofaulu wakati kiyoyozi kinafanya kazi hakijafaulu bado. Wateja wangu wote niliwapimia hivyo, kiyoyozi kimezimwa na mlango umefungwa, wengine wakidhani nabana matumizi.

Mambo yaligeuka kazi ilipohamia kwenye kadi yenyewe. Mwishoni mwa 2011 programu ya 3D ya Blender ilitoka na injini ya Cycles, na kuanzia hapo picha ambayo prosesa iliitafuna usiku kucha kadi iliimaliza mapema zaidi. Nikanunua GTX 580 iliyotumika, kadi ya wati 244. Zamani kadi ilipata moto mtu anapocheza, ikapumzika akienda kula. Sasa ilikaa kileleni saa kwa saa. Feni yake ya kiwandani ilipuliza hewa ya moto nje kwa nyuma, vizuri tu, ila kwa kelele iliyovuka ukuta. Nikaivalisha Accelero Xtreme III: mirija mitano, feni tatu za milimita 92, unene unaokaribia sloti tatu. Vipande vya memori safari hii vilishikwa kwa gundi ya kuchanganya, isiyobanduka. Ukishaweka, waranti umeiaga.

Kadi ilishuka kutoka 92 hadi 70 na ikanyamaza. Hadidiski, ambayo sikuigusa, ikapanda kutoka 41 hadi 49. Joto halikuondoka, lilihama. Kipozeo cha wazi kinaimwaga hewa ya moto ndani ya kasha, na prosesa, hadidiski na pawa saplai ndizo zinazoipokea. Ikabidi niongeze feni mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, na daftari likapata safu ya nne. Mtu akiniletea matokeo ya kipozeo bila joto la vitu vingine vilivyomo kashani, namwona kama aliyepima nusu.

Kisha viwanda vikatunyang'anya kazi, na vilifanya vizuri. Vilianza kuuza kadi zikiwa tayari na mirija minene na feni mbili tatu kubwa. Kufikia 2014, kadi nyingi mpya zilikuwa zinasimamisha feni kabisa wakati hakuna kazi nzito. Raijintek walitoa Morpheus, lipozeo la mirija sita linalouzwa bila feni ili uchague mwenyewe, yaani lile wazo nililolipenda siku zote. Mimi nililisifia, lakini wateja hawakuliulizia tena. Mwaka 2021 ASUS na Noctua walishirikiana kutoa RTX 3070 yenye feni mbili za milimita 120 za kawaida kutoka kiwandani. Unene wake ulizidi sloti nne. Nilicheka nilipoiona picha yake, kisha nikatazama bei nikaacha kucheka.

Kuna sababu nyingine iliyoviua vipozeo vya kando, nayo haitajwi sana. Zamani chenye joto kilikuwa chipu moja katikati. Memori ilitosheka na kipande cha alumini na upepo. Kwenye RTX 3080 na 3090, memori za GDDR6X ziliweza kufika nyuzi 110 zikifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Hapo kipozeo lazima kiguse kila chipu ya memori na kila sehemu ya umeme kwa unene sahihi wa pedi, na kila mtengenezaji ana ubao wake. Kipozeo kimoja cha kuzifaa zote hakiwezekani.

Sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022, kadi zilizochoka zikamwagika sokoni duniani kote, na nyingine zimefika mezani kwangu. Nyingi hazihitaji kipozeo kipya. Zinahitaji brashi, pesti mpya na pedi mpya. Zikiwa na feni zilizokufa, nang'oa plastiki yote ya juu, naacha mapezi ya kiwandani, nafunga feni mbili za kawaida za milimita 120 kwa vifungio vile vile vya nyaya, na waya mdogo wa kuziunganisha na kadi ili kasi ifuate joto. Halafu naipunguzia kadi umeme kwenye programu. Kasi inayopotea ni ndogo ukilinganisha na joto linaloondoka. Gharama yake haifiki robo ya kipozeo kamili, na siku feni ikifa, dawa yake iko Kariakoo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue kipozeo gani, nitakuuliza kwanza umeisafisha lini kadi uliyo nayo. Na kama bado hujanunua kadi, unatafuta iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe kwa kazi nzito nusu saa mbele yako, saa tisa alasiri, kiyoyozi kimezimwa. Akikataa, muage kwa heshima, nenda duka la pili.