Waliitwa Washenzi

Ukikaa kijiweni hapa Majengo, Mpanda, saa za jioni, neno "mshenzi" utalisikia kabla chai yako haijapoa. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alimtupia mama muuza dagaa kwa ajili ya chenji ya shilingi mia mbili. "Mama mshenzi kweli wewe!" Mama akamaliza kufunga dagaa kwenye gazeti, akamkabidhi, akasema, "Haya, nenda mwanangu." Hakuna aliyemkemea kijana. Kwa wengi ni tusi dogo tu, la kutoka na kupita. Mimi linaniuma, kwa sababu najua lilikotoka.

Lilitoka pwani. Katika karne ya 19, watu wa mwambao na Unguja walijiita waungwana, wakawaita watu wa bara washenzi: wasio na dini, wasio na kanzu, wasiojua adabu za mjini. Kinyume cha ushenzi kilikuwa ustaarabu, na humo ndani Mwarabu anasikika waziwazi. Misafara ya pembe na watumwa ikalibeba neno hilo hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipofunga njia ya Tabora kwenda Ujiji, msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley alizungukia kusini akapita Ukonongo, ndiyo huku kwetu, pamoja na waungwana wake waliombebea mizigo. Njiani walikula unga wa vijiji vya watu hawahawa wa bara. Umekula kwa mtu, kisha unamwita mshenzi!

Baadaye wakoloni wa Kiingereza wakaliokota. Kwao kitu chochote kibovu kikawa shenzi, hata mbwa koko. Mwaka 1994 likafika Marekani: katika filamu ya The Lion King, fisi mmoja akaitwa Shenzi. Jina walilobandikwa wazee wetu sasa ni la fisi wa katuni, na watoto wa dunia nzima wanamcheka.

Majengo ya leo ina Wakonongo, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Waha, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Wapo pia ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia kama mimi. Wakati mwingine hutupiwa neno hili kwa sababu tu ya lafudhi yao. Hapo udogo wa tusi hilo siuoni. Ni dharau ileile ya msafara, ila safari hii inatoka midomoni mwa wajukuu wa waliodharauliwa.

Ndugu zangu wa Majengo, chenji ikipungua, daini chenji. Na mtoto akirudi nyumbani na neno hilo mdomoni, msimchape. Mkalisheni, mwambieni kwamba walioitwa hivyo huku kwetu ni mababu zake mwenyewe.