Nyumba za Nafuu Unguja: Mzazi Atarajie Nini

Msafiri anayeteremka botini katika bandari ya Malindi, Unguja, huoneshwa kwanza Mji Mkongwe: milango ya njumu, vichochoro na bustani ya Forodhani. Lakini akishika barabara ya upande wa pili, akaipita Darajani na majumba marefu ya Michenzani, mji hulegea taratibu ukawa mashamba. Huko, baina ya minazi na nyumba zenye mabaraza, zimo nyumba ambazo hakuna mwongozaji wa watalii anayezitaja. Kwa nje hazina tofauti na za jirani: ukuta wa matofali, geti la bati, nguo zilizoanikwa uani. Tofauti huonekana ndani. Wakaaji wote ni wanaume, wengi wao vijana. Hakuna aliyeshika simu. Na kila mmoja ana kazi aliyopangiwa. Watu huziita soba hausi, na wengine huziita nyumba za upataji nafuu.

Kuwapo kwake katika visiwa hivi si jambo la ajabu. Bahari ile ile iliyoleta tende na mazulia, leo hupitisha majahazi yanayobeba heroini kutoka pwani ya Makran, penye mpaka wa Iran na Pakistani, kuja Afrika Mashariki. Shehena nyingi huendelea kwenda mbali, lakini sehemu yake hubaki, ikagawanywa kete kwa kete katika mitaa yetu. Hivyo unga umebisha hodi Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na haukuchagua nyumba ya mcha Mungu wala ya asiyeswali.

Familia nyingi hufika kwenye geti lile zikiwa zimechoka. Zimeshatoa nasaha, zimesoma visomo, zimefunga milango kwa kufuli, zimelipa madeni. Hutamani kumkabidhi kijana wao, kisha baada ya miezi michache wampokee akiwa mzima kama aliyetoka kutibiwa malaria. Matarajio hayo ndiyo ya kwanza kusahihishwa. Uraibu ni maradhi yanayorudi, na nyumba ya nafuu ni mwanzo wa matibabu.

Siku za mwanzo huwa ngumu kuliko zote. Muda wa saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho, arosto huanza: miayo isiyokoma, makamasi na machozi, jasho la baridi, ngozi kusisimka, tumbo kusokota, kutapika na kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kukimbia. Kwa kawaida hali hii hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha ikapungua kwa muda wa wiki moja hivi. Aliye karibu na mgonjwa humpa maji kila mara, humsafisha na humvumilia anapolia aachiwe aende zake.

Hapa mzazi anapaswa kujua tofauti moja kubwa. Arosto ya unga hutesa sana, lakini ni nadra kumuua mtu aliyeangaliwa vizuri na asiyeachwa akaukiwa maji. Kwa aliyezoea pombe kila siku, au vidonge vya valiamu, kuacha ghafla kunaweza kuleta kuweweseka, kifafa na hata mauti. Huyo apelekwe hospitali kwanza, na nyumba ya nafuu ifuate baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza. Nani humpima mgonjwa anapofika? Usiku wa arosto hulala karibu na nani? Akizidiwa hupelekwa hospitali gani, na kwa gari la nani? Je, hupimwa kifua kikuu, virusi vya ukimwi na homa ya ini? Kuna kupigwa au kufungwa minyororo? Nyumba nzuri haioni haya kuulizwa. Ile inayojibu kwa hasira, au inayosifia minyororo kuwa ni dawa, iache.

Arosto ikiisha, ratiba hushika nafasi yake. Watu huamka kabla ya alfajiri, wakaswali jamaa. Hufuata fagio na jiko, kikao cha asubuhi, darasa, adhuhuri na chakula, mapumziko, alasiri na mpira, kisha mkutano wa jioni. Katika wiki za mwanzo nyumba nyingi huzuia simu, fedha na wageni. Mama aliyebeba chungu cha biriani akarudishwa getini huumia, lakini katazo hilo lina maana. Maisha ya unga yana ratiba moja tu: kutafuta fedha, kununua kete, kuitumia, na kuanza tena kabla arosto haijafika. Ratiba hiyo haiondoki mpaka nyingine ikae mahali pake.

Wengi wa wasimamizi ni watu waliokuwa mateja wenyewe. Jambo hili huwatia wasiwasi baadhi ya wazazi, ilhali ndilo lenye faida. Mgeni hawezi kumdanganya mtu aliyewahi kusema uongo ule ule. Katika mkutano kila mmoja hutaja jina lake na kukiri kuwa yeye ni mraibu, hata aliyekaa miaka mitano bila kugusa unga. Yanayosemwa humo hayatoki nje, na kwa heshima hiyo hayataandikwa hapa.

Nyumba nyingi hufuata hatua kumi na mbili, zilizotungwa Marekani katika miaka ya 1930 na watu waliotaka kuacha pombe. Hatua hizo humtaka mtu akiri udhaifu wake, amtegemee aliye na nguvu kumzidi, na arudishe haki za aliowadhulumu. Muislamu hazioni ngeni, kwani toba na kurudisha dhuluma amefundishwa tangu madrasa. Tena anajua kwamba hata ulevi haukuharamishwa siku moja. Ulikatazwa kwa hatua, kwa sababu mwanadamu huhitaji muda kuachana na alichokizoea.

Wapo pia wanaotibiwa kwa methadoni, dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu ili kuzuia arosto na kupunguza hamu ya unga. Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata baadaye. Kumwambia kijana kuwa amebadilisha ulevi kwa ulevi ni kumsukuma arudi maskani. Dawa inayotolewa kwa kipimo na daktari, ikamwezesha mtu kufanya kazi na kuswali, haiwekwi mizani moja na kete.

Sasa tufike kwenye jambo lenye hatari kuliko yote, ambalo familia huambiwa mara chache: siku ya kurudi nyumbani. Mwili uliokaa miezi mitatu au minne bila unga hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Akiteleza akatumia kiasi alichozoea, pumzi inaweza kukatika usiku huo huo. Wengi hufa wakati ndugu wameshapumua wakidhani kazi imekwisha. Ndiyo maana mtu akiteleza asifukuzwe wala asifichwe. Arudishwe haraka kwenye kliniki au kwenye nyumba yake ya nafuu; na akikutwa hazinduki, pumzi zikiwa chache, akimbizwe hospitali bila kuogopa aibu.

Basi wakati kijana yuko huko, nyumbani nako kuwe na maandalizi. Itafutwe kazi, hata ndogo. Akae mbali na mtaa aliokuwa akinunua kete, ikiwezekana kwa ami au shangazi. Nauli ya kwenda mikutanoni iwekwe kando kama inavyowekwa ada ya shule. Ndugu wakubaliane kutomkumbusha kila siku alichoiba. Nao maimamu na walimu wa madrasa wampokee kama wanavyompokea mgonjwa aliyetoka wodini: wamuulize hali yake, wampe nafasi katika safu, na wasimfanye mfano wa hotuba.

Mabinti nao wamo katika janga hili, na nyumba zinazowapokea ni chache mno. Anayetafuta pa kuweka sadaka yake inayoendelea, hapo pana nafasi.