Platini ya Baba

Datsun 160J ya marehemu baba ilituzimikia Makanya, jua kali, Same ingali mbele. Tulipoiongezea injini nguvu, tulitoa platini tukaweka mfumo wa kielektroniki: hausuguliki, na cheche ya plagi ni kali. Lakini kifaa kikifa njiani, hakitengenezeki kwa msasa.

Mzee mmoja fundi alirudisha platini ya baba tuliyoihifadhi kwenye buti. Gari ikawaka.

“Wanangu,” akasema, “injini imebadilika, springi za distributa ni zile zile. Cheche ikiwahi mno, pistoni zitatoboka.”

Sasa tumebadilisha springi, tumenunua kifaa kipya, na platini tunaibeba kila safari. Tufunge ngamia kwanza, kisha tutawakali kwa Mola.