"Usifunge" ikasikika "ufunge": sauti ndogo ya laptopu ilivyotugharimu mahindi

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea sauti ya kompyuta mpakato, hii tunayoita laptopu. Usiseme haikuhusu, nisikilize kwanza.

Mwezi wa sita mwaka jana niliitisha darasa la kuhifadhi mahindi chini ya mwembe, nje ya ofisi ya kijiji. Walikuja watu kama 40. Niliweka laptopu mezani nikawasha video ya mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo ukiifunga vizuri wadudu hufa bila dawa. Sauti niliifungulia mpaka mwisho. Waliokaa mbele walikuwa wanatikisa kichwa, nami nikaona somo limeingia.

Mwezi wa kumi nilipita kwa mama mmoja ambaye siku ile alikaa nyuma kabisa. Nikamwamkia shikamoo. Akajibu, "Marahaba mwanangu. Njoo uone mahindi yako." Alipofungua mfuko wa kwanza, harufu ya ukungu ilitupiga usoni. Mifuko mitano, yote hivyo hivyo. Nikamuuliza kama alipima ukavu kabla ya kufunga. Akasema, "Kupima nini tena? Si mlisema ufunge siku hiyohiyo ya kupukuchua?"

Video ilisema: "Usifunge siku hiyohiyo ya kupukuchua, pima kwanza." Yeye, kwa umbali aliokaa, alisikia "ufunge". Silabi moja tu ilipotea njiani.

Mahindi yale tuliyafukia. Ukungu wa namna ile unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika, wala si salama kumpa kuku. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si jambo la kubahatisha. Kosa lilikuwa langu, si la mama yule.

Kwa nini sauti haifiki

Spika za laptopu ni ndogo sana, na nyingi zinatazama chini. Zimetengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa karibu. Ukiwa nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, inasambaa tu. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo. Aliye hatua 8 anapata sehemu moja tu ya 16 ya nguvu anayopata aliye hatua 2. Na kinachopotea mapema ni zile sauti nyembamba kama "s". Ndiyo maana "usifunge", "usinyunyize" na "usichanganye" vinaweza kugeuka kinyume chake kabla ya kufika benchi la nyuma.

Anza na yasiyo na gharama

Hakikisha umeongeza sauti sehemu mbili: kwenye laptopu yenyewe na kwenye programu inayocheza video. Programu ya VLC inakuruhusu kupita asilimia 100, lakini sauti ikianza kukwaruza, rudisha chini. Sauti kubwa yenye mikwaruzo inaeleweka vibaya kuliko ndogo iliyo safi. Weka laptopu juu ya meza ngumu, si juu ya kanga wala mapajani. Kama unaweza, kaa karibu na ukuta, ukuta uwe nyuma ya laptopu. Kwa watu 8 au 10 hayo yanatosha. Kwa 40 hayatoshi.

Pengine spika unayo tayari

Angalia redio ya nyumbani. Ukiona tundu limeandikwa AUX au LINE IN, redio hiyo inaweza kuwa spika ya laptopu yako. Unahitaji waya wenye pini ndogo ya milimita 3.5 pande zote mbili. Mimi niliupata kwa shilingi 3,000. Upande mmoja chomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu, mwingine kwenye AUX ya redio. Tundu la hedifoni la redio halifai, lile linatoa sauti, halipokei. Sabufa nayo inafaa, ila nyingi zinataka umeme wa ukutani, na chini ya mwembe hakuna.

Ukiamua kununua

Ziko spika ndogo zinazokula umeme wa USB ya laptopu. Ni rahisi, lakini usidanganywe na boksi. Tundu la kawaida la USB linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2 na nusu. Spika isiyo na betri, inayotegemea tundu hilo peke yake, haiwezi kuwa ya wati 100 hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Tena inamaliza chaji ya laptopu.

Mimi nilichukua spika ya kuchaji yenye Bluetooth, tundu la AUX, na sehemu ya flashi. Nilitoa shilingi 35,000. Gunia moja la mahindi lilikuwa na thamani kuliko hiyo. Bluetooth ni nzuri, lakini usiisogeze spika zaidi ya hatua 10 kutoka kwenye laptopu, na wakati mwingine sauti inachelewa kidogo nyuma ya picha. Waya hauna shida hiyo. Flashi nayo inasaidia: ukirekodi maelekezo, unayacheza bila laptopu kabisa.

Dukani muuzaji atakuwekea muziki wenye besi nzito. Besi haikusaidii kuelewa maneno. Kabla ya kwenda, rekodi kwenye simu sauti yako ukisema, "Usifunge. Ufunge. Usinyunyize. Unyunyize." Icheze kwenye spika ile, kisha nenda nje hatua 20. Kama huwezi kutofautisha, irudishe, hata ingekuwa na taa za rangi saba. Jaribu pia kuichaji palepale dukani.

Wewe unayeuza spika, au unayetangaza bidhaa mnadani, kipimo ni hichohicho. Mteja anayesikia "elfu mbili" wakati umesema "elfu tisa" mtagombana bure.

Kuipanga

Usiiweke spika chini, miguu ya watu wa mbele itameza sauti. Iinue ifike usawa wa masikio ya waliokaa, iwe mbele karibu na picha, na uitazamishe benchi la nyuma. Kukiwa na upepo, uache upepo utoke upande wa spika kwenda kwa watu. Kisha nenda ukasimame nyuma mwenyewe dakika moja usikilize.

Mwezi wa sita mwaka huu nilirudia darasa lilelile. Nilimwomba mama yule akae nyuma kama mwanzo, na anyooshe mkono asiposikia. Alinyoosha mara mbili. Mara ya kwanza nilisogeza spika, mara ya pili nilisimamisha video nikarudia kwa mdomo. Mwishoni niliwauliza watu wa nyuma, si wa mbele, waeleze kipimo cha chumvi. Wakaeleza: chupa kavu ya kioo, mahindi robo ya chupa, vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika 3, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani.

Nawe fanya hivyo. Hata ukiwa na spika nzuri, muulize aliyekaa mbali amesikia nini kabla watu hawajatawanyika.