Dawa ni ile ile, hata bila vodka

Kenya hatuna kiangazi cha kwenye sinema, lakini Januari na Februari tunazo. Jua la Nairobi linachoma hadi mabati yanalia, na wikendi ikifika fomu ni moja: nyumba ya mtu, spika, na dawa.

Sisemi ile ya moto ya tangawizi unayopewa ukiwa na homa. Nasema dawa ya baridi, ile iliyopata umaarufu pale Carnivore, Lang'ata. Wabrazili wana caipirinha yao ya ndimu, sukari na pombe ya miwa inayoitwa cachaça. Nairobi ikachukua wazo hilo, ikaweka vodka na asali, na kijiti cha kukorogea.

Kuitengeneza nyumbani si kazi. Kata ndimu moja vipande vinne, weka kwa glasi na vijiko viwili vya chai vya asali. Ponda polepole na mpini wa mwiko. Ukiponda maganda hadi yararuke, itakuwa chungu. Usitangulize barafu, kwa sababu asali ikikutana na baridi inanata chini kama gundi. Koroga kwanza, ndio uweke barafu iliyovunjwavunjwa. Mwisho kabisa, vodka, mililita 50 hivi.

Umeona hiyo? Vodka imekuja wakati kazi yote ishaisha. Weka maji ya soda mahali pake na bado uchachu upo, utamu upo, baridi ipo, kijiti kipo.

Sasa niambie, mbona kwa sherehe zetu mtu asiyekunywa anaadhibiwa? Anapewa maji ya mfereji kwa kikombe cha plastiki, halafu usiku mzima ni maswali. "Kwani umeokoka?" "Uko na mimba?" "Onja kidogo tu, bana." Nina beshte aliyeacha pombe mwaka ambao walimzika babake. Baada ya miezi miwili akaacha kuja sherehe pia. Kukaa bila pombe alikuwa anaweza. Kilichomchosha ni kujieleza kila Jumamosi, tena kwa watu walewale.

Ndiyo maana siku hizi kwangu vodka inakaa jikoni, mbali na glasi. Kila mtu anapewa dawa ikiwa tayari na kijiti chake, na anayetaka kuongeza anaenda kujiongezea. Kama hujafika miaka 18, hiyo safari ya jikoni haikuhusu, na sheria iko upande wangu. Ukiangalia meza huwezi jua nani ana nini, na hakuna anayeuliza.

Beshte alirudi Jumamosi iliyopita. Alikunywa tatu na akaondoka wa mwisho.

Wewe unayeandaa sherehe wikendi hii, yule wa maji umemwekea nini?