Tanzania Ipi, Milioni za Nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipoingia kazini kwenye ofisi ya takwimu Dar es Salaam nikitokea chuo cha takwimu cha Changanyikeni, takwimu za uchumi zilisafiri kwa bahasha. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikuwa na fomu zake, Benki ya Dunia zake, Umoja wa Mataifa zake, na zote ziliuliza yaleyale: mauzo nje, uagizaji, bei, Pato la Taifa. Huyu alitaka dola, yule shilingi. Huyu mwaka wa kalenda, yule mwaka wa fedha. Tuligeuza jedwali moja kila namna, kisha tukalipeleka posta au kwenye faksi. Karatasi ya faksi ikififia, 3 na 8 hufanana, na aliyezipiga upya kwenye kompyuta huko mbali hakuwa na wa kumuuliza.

Tarakimu zilikosewa mara mojamoja. Maelezo yake ndiyo yaliyopotea kila siku. Pato la Taifa tulilotuma lilikuwa la Tanzania Bara, kwa sababu Zanzibar ina mtakwimu mkuu wake na hukokotoa pato lake yenyewe. Tuliliandika hilo chini ya jedwali kwa herufi ndogo. Jedwali likishapita mikononi mwa watu watatu, herufi zile hazipo tena. Safu inasomeka "Tanzania", basi. Mtafiti anachukua pato la Bara, analigawa kwa watu wa Jamhuri nzima, na wastani anaoupata si wa Bara wala wa Muungano. Niliyaona makokotoo ya namna hiyo kwenye maandiko ya watu wanaoheshimika, na yaliniuma, maana kosa halikuwa la mtafiti. Hakuambiwa.

Majirani nao tulipigiana simu. "Dada, hizi zenu ni maelfu au mamilioni?" mwenzangu wa Nairobi angeuliza, na mimi ningeinuka kwenda kutafuta faili.

Kilichowaamsha wakubwa ni Mexico. Desemba 1994 peso ilianguka, na waliokuwa wameikopesha nchi ile walikuwa wamechelewa kujua jinsi akiba yake ya fedha za kigeni ilivyopungua. Mwaka 1996 IMF ikaweka viwango vya utoaji takwimu kwa nchi zinazokopa kwenye masoko ya mitaji, na mwaka uliofuata ikaweka mfumo mwepesi zaidi kwa nchi kama yetu. Viwango vile vilisema nini kitolewe na lini. Namna ya kupeana bado kila mmoja alikuwa na yake, hadi mwaka 2001, mashirika saba yalipokaa pamoja: IMF, Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, OECD, Eurostat, Benki Kuu ya Ulaya na Benki ya Malipo ya Kimataifa ya Basel. Yalichokizaa ni kiwango cha pamoja cha kupeana takwimu, kinaitwa SDMX. Toleo la kwanza lilitoka 2004, na mwaka 2008 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikakitambua kuwa kiwango kinachopendekezwa.

Wazo lenyewe si gumu. Kila tarakimu hutembea na vitambulisho vyake: ni ya eneo gani, kipindi gani, kipimo gani, imezidishwa kwa ngapi, ni ya awali au ya mwisho. Misimbo ni ileile kwa wote: TZS ni shilingi yetu, KES ya Kenya, Q ni robo mwaka, P ni takwimu ya awali. Kilichokuwa kikiandikwa chini ya jedwali sasa kimo ndani ya faili, na mashine hukiuliza kabla haijapokea namba.

Nilipokwenda kwenye mafunzo ya SDMX nilidhani tutafundishwa programu. Muda mwingi ulikwenda kwenye mabishano, na mabishano yale ndiyo faida kubwa niliyoipata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na Umoja wa Forodha tangu 2005, lakini mauzo ya Tanzania kwenda Kenya hayakulingana na uagizaji wa Kenya kutoka Tanzania. Kwa miaka mingi kila upande uliamini mwenzake ni mzembe. Tulipotakiwa kujaza vitambulisho, mambo yakafunguka. Muuzaji huandika thamani ya mzigo unapotoka. Mnunuzi huongeza nauli na bima. Mzigo uliotoka China ukapitia Mombasa, mmoja anauandika wa Kenya kwa kuwa ndiko ulikotumwa, mwingine wa China kwa kuwa ndiko ulikotengenezwa. Uliovuka Namanga mwisho wa Desemba, huku ni wa mwaka huu, kule ni wa mwakani. Tofauti haikuisha, lakini sasa tungeweza kuigawa vipande na kusema kila kipande kimetoka wapi. Shutuma zilipungua sana.

Siku hizi nchi nyingi za Afrika hazitumi tena. Tangu IMF ilipoboresha mfumo wake mwaka 2015, nchi huweka takwimu kwenye ukurasa mmoja wa taifa, nyingi zikisaidiwa na majukwaa ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, na anayehitaji anazichukua mwenyewe, zote kwa wakati mmoja.

Kuna kitambulisho kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Zamani kistari kwenye jedwali kilimaanisha sifuri, na kilimaanisha pia kwamba hatujui. Katika SDMX, herufi L husema: jambo lipo, ila halikukusanywa. Mahindi, maharage na vitenge vinavyovuka Mutukula na Sirari kwa baiskeli na vichwani havipiti kwenye fomu ya forodha, na kuviita sifuri ni kuwafuta wanaovibeba, wengi wao wanawake. Uganda ilianza utafiti wa biashara hiyo mipakani mwaka 2005, kwa kuwaweka wahesabuji wanaotazama kinachopita. Ningetaka nchi zote za Jumuiya zifanye hivyo kila mwaka, kwa fasili moja na misimbo ileile, ili kwenye safu hiyo L itoke na namba iingie.