Nyumba Tuliyomjengea Bibi

Nimefundisha Shule ya Jumapili tangu mwaka 1986, na somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne. Miaka ile ya mwanzo hakuna mtoto aliyeniuliza paa linatobolewaje. Walijua. Kila mmoja alikuwa amewahi kupanda juu ya nyumba ya tembe ya babu yake kuanika mboga, au kufukuza kuku wanaodonoa uwele. Walijua kwamba ukichimba udongo kidogo utakutana na nyasi, kisha fito, kisha uso wa mtu aliye ndani akikutazama kwa hasira. Leo watoto wa darasa langu huniuliza, "Mwalimu, waliyakata mabati?" Nami hucheka, lakini cheko hilo lina kidonda ndani yake, na ndicho ninachotaka kuwaeleza wapendwa wasomaji.

Mimi ni Mgogo. Nilizaliwa katika nyumba ya tembe upande wa Chamwino. Kwa msiolelewa huku: tembe ni nyumba ya miti na udongo yenye paa la bapa. Husimamishwa nguzo za mti mgumu zenye panda, juu yake boriti, juu ya boriti fito, kisha nyasi, na mwisho udongo mzito unaokandamizwa kwa miguu. Paa la namna hiyo lingeyeyuka Bukoba. Kwetu Dodoma mvua kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, tena hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu, na miezi mingine yote ni jua na upepo. Udongo ule mnene hupokea joto la mchana polepole. Ukiingia saa nane mchana mwezi wa Oktoba unahisi kama umeingia chini ya mbuyu, na usiku wa Julai, baridi inapouma, kuta bado zina uvuguvugu wa jana.

Sitaisifu kupita kiasi. Tembe ilikuwa na giza na moshi, na mtu mzima aliinama ili aingie. Papasi walijificha kwenye sakafu na nyufa, na homa ya papasi naijua kwa mwili wangu mwenyewe. Mchwa walikula nguzo kimyakimya mpaka siku boriti ilipolia. Na mvua ikizidi, kama zile za El Niño za 1997 na 1998, paa lilinyonya maji likawa zito kama ng'ombe aliyelala.

Operesheni Dodoma ilipokuja, mwaka 1970 na 1971, nilikuwa mtoto mdogo. Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishika udongo, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Tuliambiwa kwamba nyumba bora ni ya tofali na bati, na kwa mengi lilikuwa neno la kweli. Lakini mimi nilijifunza na jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema: kwamba nyumba ya bibi yangu ilikuwa aibu. Nilipokwenda chuo cha ualimu na wenzangu wakauliza kwetu tunaishi nyumba gani, nilidanganya. Sikujua kwamba ningekuja kulipa deni la uongo ule nikiwa na mvi.

Mwaka 2017 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya huduma ya usharika wetu. Serikali ilikuwa imeanza kuhamia Dodoma, mji unajengwa usiku na mchana, na kila mwenye kiwanja alikuwa anatafuta tofali. Mvua za mwanzo wa mwaka ule ziliangusha kona ya nyumba ya mjane mmoja wa usharika wetu, mama mzee aliyebatizwa siku moja na mama yangu. Kila mtu humwita Bibi, nami pia. Tukakubaliana kumjengea.

Fundi mmoja mzee alishauri tuitengeneze ile ile tembe: tubadilishe nguzo zilizoliwa, tuinue kuta, tuweke madirisha. Nilisimama nikamkatiza. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu yamenirudia usiku mwingi. Nilisema, "Kanisa la Mungu haliwezi kumjengea mjane nyumba ya matope." Watu wakasema amina. Hakuna aliyemuuliza Bibi, naye alikuwa ameketi palepale, nyuma, upande wa akina mama.

Tukachagua tofali za kuchoma. Tanuri liliwaka siku tatu usiku na mchana, likala lori mbili za kuni. Sikuuliza kuni zimekatwa wapi. Tofali zilitoka nyekundu, nzuri, zinalia kama kengele ukizigonga. Harambee ya kwanza ikaisha kwenye msingi, ya pili kwenye lenta. Ya tatu ilinunua bati za geji nyembamba, kwa sababu ndizo tulizoweza. Dari hatukuweka. Madirisha tuliyapunguza yakawa mawili madogo, maana nondo zilikuwa ghali. Siku ya kuweka wakfu kwaya iliimba, tukapiga picha, Bibi akalia, nasi tukadhani tunajua analia nini.

Mwezi wa Oktoba nilipita kumsalimu. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nikabisha, "Mbukwa, Bibi!" Sauti yake haikutoka ndani, ilitoka nyuma. Nilimkuta kwenye kibanda cha jiko, ile sehemu ya tembe ya zamani ambayo haikuanguka. Kitanda chake kilikuwa humo, kimebanana na mafiga.

"Bibi, mbona umelala huku?"

"Keti kwanza, mwanangu." Akanisogezea kigoda, akanipa maji. Ndipo akasema, "Kule ndani mchana kunachoma. Usiku wa Juni nilidhani nakufa kwa baridi. Na upepo ukivuma bati zinapiga kelele, nashindwa hata kusali."

"Sasa ile nyumba?"

"Naitunza. Nyumba ni ya kanisa. Nimeweka uwele."

Nilifungua mlango kwa ufunguo alionipa. Magunia manne yalikuwa yamepangwa vizuri katikati ya chumba, na juu yake ile picha ya siku ya wakfu. Joto lilinipiga usoni kama nimefunika chungu kinachochemka.

Nilipotoka nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu bila uchungu wowote, "Mlikuwa mmefurahi sana." Kisha, kana kwamba ni jambo dogo, akaongeza kwamba siku hizi kuni anazifuata mbali, kwa sababu kile kilima cha nyuma kimekwisha. Nilikitazama kilima. Migunga niliyoichungia mbuzi nikiwa mtoto ilikuwa visiki. Lori zangu mbili zilikuwa zimetoka pale.

Mkoa wetu una habari ya ardhi iliyochoka. Huko Kondoa mmomonyoko ulichimba makorongo ya kutisha, hata mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika vilima vile ili miti irudi. Niliwafundisha wanafunzi wangu hayo yote kwa miaka, nikayaandika ubaoni, nikayatungia maswali ya mtihani. Na bado nilipolipia kuni za tanuri sikuunganisha.

Usiku ule nilisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, pale Musa anapowaagiza wanaojenga nyumba mpya waizungushie paa ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Nilikuwa nimeupita mstari ule mara nyingi kama sheria ya watu wa zamani. Nilisahau kwamba mimi ni mtu wa paa la bapa. Sheria ile haiulizi kama nyumba inapendeza, wala kama mwenye nyumba ataheshimiwa kwa ajili yake. Inauliza nani ataumia. Mimi nilijenga nyumba isiyokuwa na swali hilo hata moja, nikaiita huduma.

Nilikiri mbele ya wazee wa kanisa. Si kikao nilichokifurahia. Mmoja aliniambia kwamba ninarudisha watu porini. Mwingine, ambaye naye huchoma tofali na hujipatia ada za watoto kwa kazi hiyo, aliuliza kwa haki kabisa, "Basi sisi tule nini?" Sikuwa na jibu lake lote, na mpaka leo sina. Mchungaji alituomba tusali, kisha akasema familia inayofuata ijengwe kwa njia nyingine, tuone.

Njia nyingine ilikuwa tofali za kufungamana. Hizi si geni nchini. Wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, NHBRA, umezifundisha kwa miaka mingi. Unachukua udongo, unauchekecha, unachanganya na saruji kidogo, unashindilia kwa mashine ya mkono. Hazichomwi. Unazifunika kivulini na kuzinyunyizia maji siku kadhaa zikomae. Zina meno na mashimo yanayoshikana, hivyo hupangwa bila udongo wa kujengea katikati ya kila mstari, na saruji nyingi inaokolewa hapo.

Tulianza vibaya. Kwa haraka tulichimba udongo mweusi wa mbugani kwa kuwa ulikuwa karibu, na tofali mia mbili zikapasuka zilipokauka. Saruji ya watu ikapotea, nami nikaona macho ya wale wazee. Fundi mzee, yule niliyemkatiza, ndiye aliyetuokoa. Alitia udongo wa sehemu tatu tofauti katika chupa za maji, akazitikisa, akaziacha zitulie mpaka kesho yake. Mchanga ulikaa chini, mfinyanzi juu, akatuonyesha kwa kidole ni chupa gani yenye mchanga wa kutosha. Ulikuwa udongo mwekundu wa nyuma ya kanisa, ule tunaoukanyaga kila Jumapili.

Si nyumba ya bure, wala siwezi kusema haina dhambi yoyote. Saruji nayo inachomwa mahali fulani, ila moshi wake hatuuoni sisi. Lakini hakukatwa mti kwa ajili ya kuta zake. Tulimwuliza mama mwenye nyumba anapika wapi, analala wapi, upepo unamjia upande gani. Akataka kibaraza upande wa mashariki, ili alasiri akae kivulini. Tulikijenga kabla ya kumaliza chumba cha pili, na chumba hicho kilisubiri mavuno ya mwaka uliofuata.

Kwa Bibi tulirudi pia. Tulitoboa matundu ya hewa chini ya kenchi, tukaweka dari ya mbao nyepesi, tukaongeza kibaraza. Niliomba ruhusa yake kwanza. Alifikiri, akasema, "Dari nataka. Kibanda changu msikiguse." Hatukukigusa. Tulibadilisha nguzo mbili zilizoliwa na mchwa, tukaongeza udongo juu kabla ya mvua. Nilipanda mwenyewe kuukanyaga. Nina miaka sitini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama juu ya paa la tembe tangu niondoke nyumbani kwa bibi yangu.

Kutoka juu pale kilima kinaonekana chote. Huku kwetu watu wamefundishwa kutunza visiki badala ya kungoja miche, kazi inayoitwa Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unalinda mbuzi wasiyale. Vijana wa kwaya huenda pale Jumamosi, nami nikiwa na nguvu huwafuata na panga langu. Visiki vingine vimekufa. Vingine vimenipita kimo.

Sasa Bibi hulala nyumbani miezi ya baridi. Oktoba ikifika, kitanda hurudi kibandani, magunia ya uwele hurudi chumbani, na nikipita kumsalimu najua kubisha upande wa nyuma.